Kama huna jina, usinigongee mlango

Mi nasema hivi, na najua kuna watu watanirukia: seva ikija kuniletea imeili na IP yake (namba yake ya mtandaoni) haina hata jina, ifungiwe mlango palepale. Siyo ipokelewe, maneno yachambuliwe, ipewe pointi, halafu itupwe kwenye folda ya spamu ambayo hakuna mtu anaifungua.

Kwa asiyejua, DNS ni kama kitabu cha majina cha intaneti: ya kawaida unaipa jina inakupa namba, ya kinyume unaipa namba inakupa jina, na rekodi yenyewe inaitwa PTR. Uzuri wake ni kwamba PTR haiandikwi na mwenye domeini, inaandikwa na mwenye ile IP, yaani kampuni ya intaneti au ya kuhosti. Kwa hiyo kompyuta ya mtu iliyoingiwa na virusi, inayomwaga spamu usiku kucha mwenyewe kalala, haiwezi kujibatiza jina la maana. Ama haina kabisa, ama ina yale majina ya mashine, namba za IP zimerudiwa tu na neno "dynamic" kwa nyuma.

Lakini PTR nayo inadanganya, mwenye IP anaweza kuandika jina lolote analotaka, hata la benki. Ndo maana kuna hatua ya pili: unachukua lile jina, unaliuliza DNS ya kawaida, likirudisha namba ileile basi sawa. Gmail wenyewe tangu Februari 2024 wanataka hivyo kwa kila anayewatumia.

Na hapo ndo nilipochemka. Postfix, programu inayoendesha seva yangu ya imeili, ina sheria 2 ambazo majina yake yanakaribia kufanana, reject_unknown_reverse_client_hostname inayokataa wasio na PTR kabisa, na reject_unknown_client_hostname inayokataa hata wale ambao jina na namba havilingani. Nikaweka hiyo kali. Spamu ikapungua nikajiona fundi kwelikweli, mpaka mteja akapiga simu, "mbona kimya, ankara nimetuma tangu Jumatatu?" Nafungua logi, seva yake imeandikwa "unknown" na msimbo wa jibu 450, imerudi imerudi imerudi. Jina lilikuwepo, safi kabisa, ila walihamisha seva na rekodi ya A (ile ya DNS ya kawaida, ya jina kwenda namba) bado inaelekeza IP ya zamani, na Postfix ikiona hazilingani inakuandika unknown kana kwamba huna jina kabisa.

Kibaya zaidi ni hiyo 450. Maana yake "jaribu baadaye", na seva ya mtumaji, ikiwa ni Postfix iliyoachwa kama ilivyo, inang'ang'ania siku 5 ndo imwambie mtumaji imeshindikana, siku zote hizo yeye anajua imefika. Sasa hiyo ina tofauti gani na folda ya spamu? Faida yote ya kukataa mlangoni ni kwamba mtu anaambiwa kwamba amekataliwa!

Kwa hiyo siku hizi asiye na PTR anapigwa 550 kavu, yaani amekataliwa moja kwa moja, na usiogope, DNS ikiwa imekwama kwa muda tu Postfix inajibu 450 yenyewe hata ukiweka 550. Wasiolingana nawaacha wapite mlangoni, ila nawaongezea pointi kwenye kichujio cha ndani. Na zile regex (kanuni za kutambua mpangilio wa herufi) nilizoweka kuzuia kila jina lenye namba nimezifuta, zinaumiza watu wa seva ndogo za kukodi bure tu, wakati orodha ya PBL ya Spamhaus, shirika linalopambana na spamu, inajua vizuri zaidi ni IP zipi hazitakiwi kutuma imeili moja kwa moja.

Yule mteja, fundi wao alirekebisha ile rekodi siku hiyohiyo. Imeili zikaingia kwa mpigo, ankara moja mara 3, kumbe alikuwa anaituma upya kila akiona kimya.