Je, miungu na fikra vimo akilini mwetu tu?

Wapo wanaoshikilia kwamba miungu, namba na falme ni mazao ya akili za watu, na kwamba binadamu wakiisha, vyote hivyo vitatoweka pamoja nao. Hoja hiyo ina uzito, ila inafunga katika furushi moja vitu visivyofanana.

Chukua ufalme wa Buganda. Jeshi la serikali ya Uganda liliivamia Mengo, makao ya ufalme huo, mwaka 1966, Kabaka (yaani mfalme) Mutesa II akakimbilia uhamishoni, kisha katiba ya 1967 ikafuta falme zote za Uganda. Kwa takriban miaka 26 ufalme haukuwa na kiti wala sheria ya kuulinda. Ulibaki katika koo, mila na kumbukumbu, hadi Ronald Mutebi alipotawazwa kuwa Kabaka huko Naggalabi mwaka 1993. Anayesema kwamba uliishi akilini mwa watu hakosei. Akiongeza kwamba kwa hiyo haukuwa kitu, historia inamkana, kwa maana serikali ilishindwa kuuzima, na hakuna Mganda ambaye angeweza kuubadili kwa kuwaza vingine peke yake.

Namba ni jambo jingine. Jua lilipopatwa Pakwach, kaskazini mwa Uganda, tarehe 3 Novemba 2013, wanaastronomia walikuwa wameijua saa yake miaka mingi kabla. Tarakimu ni zetu, lakini mpangilio wa jua, mwezi na dunia haukungoja wa kuuhesabu.

Miungu ndiyo inayotatiza zaidi. Xenophanes, Mgiriki wa kale, aliona kwamba kila taifa huichora miungu kwa sura yake, lakini michoro kutofautiana hakuthibitishi kwamba hakuna kinachochorwa. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda, yalipelekwa Cambridge, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, yakarudishwa mwaka 1962. Mwislamu wa msikiti wa Kibuli na Mkatoliki wa kanisa la Rubaga, jijini Kampala, huenda wote wakasema kwamba nguvu za Kibuuka zilikuwa imani tupu, ingawa kila mmoja, kama ilivyo desturi, atamtoa Mungu wake katika hukumu hiyo.

Wala hawawezi kumtetea Mungu huyo kwa mfano wa ufalme, ambao uliishi kwa kushikiliwa na watu. Dua huelekezwa kwa anayesikia hata asipoaminiwa na yeyote. Hivyo anayeitetea dini kwa kutaja tu shule, hospitali na umoja uliotokana nayo amekwisha kumpa mpinzani wake nusu ya hoja.