Sikio Langu Katika Kapu la Sadaka

Rafiki yangu amekwisha kuitangazia Katuba nzima, mtaa wetu wa Lubumbashi, kwamba nilikata sikio langu na kulitoa sadaka kwa kukosa pesa, kwa hiyo naomba nafasi ya kusahihisha: sikio lilikuwa la sponji, na pesa nilikuwa nazo.

Ninyi wapenzi wa Star Trek mnajua uzito wa tarehe 8 Septemba, siku mfululizo huo wa televisheni wa safari za anga za juu ulipoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966. Mashabiki wa huko waliuokoa usifutwe mwaka 1968 kwa kuandika barua nyingi. Sisi wa Lubumbashi tulikesha tukiutazama huku tumevaa masikio yenye ncha kama ya Spock, mhusika wa mfululizo huo, yaliyochongwa kutoka godoro kuukuu na kubandikwa kwa gundi ya fundi viatu. Asubuhi sikio la kushoto lilibanduka na ngozi kidogo. La kulia lilikataa katakata, nami nikaenda misa na kofia ya sufu, ambayo mzee wa mlangoni aliniamuru niivue. (Msicheke bado.)

Joto la Septemba mnalifahamu. Kapu lilipokuwa likipita safu iliyo mbele yangu, nilihisi jasho likichuruzika nyuma ya sikio, kisha gundi ikiachia upande wa juu, polepole, kwa mlio mdogo ambao nadhani niliusikia peke yangu. Nikabana pumzi. Kapu likafika. Nilipoinama kuweka noti yangu ya faranga 500, sikio likadondoka, likatua juu ya noti, ncha yake ikielekea altareni. Mama aliyeshika kapu alilitazama sikio, akanitazama mimi, akalitazama tena, kisha akauliza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kupokea kuku na mihogo: "Mwanangu, hili nalo ni la Bwana?"

Nikainua mkono kumsihi anyamaze, lakini vidole, vilivyofanya mazoezi usiku kucha, vikajigawa vyenyewe viwili viwili, kama katika salamu ya Spock. Watoto wa safu nzima wakanijibu kwa ishara ileile.

Baadaye Padri aliniita. Nilimweleza kwamba Leonard Nimoy, mwigizaji wa Spock, aliichukua ishara hiyo kutoka baraka ya makuhani wa Kiyahudi, aliyoiona katika sinagogi akiwa mtoto, na hiyo ni kweli tupu, ila haina nguvu ikisemwa na mtu mwenye gundi shavuni. Sikio lenyewe bado liko kwa mtunza hazina wa parokia, anayeshikilia kwamba kila kilichoingia kapuni lazima kiandikwe daftarini, na mpaka leo hajapata pa kukiandika.