Laptopu ya mama mdogo haijafa

Jumamosi iliyopita mama mdogo alivuka kutoka Nansio kuja Mwanza, laptopu yake ameifunga kwenye kitenge. Aliposhuka bandarini hakuja kunywa chai kwanza, alikwenda moja kwa moja Makoroboi kwa fundi. Saa nane mchana ndipo alipofika dukani kwangu Buhongwa. Nikamwamkia, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyetoka msibani, akaweka kile kitenge juu ya kaunta.

"Mwanangu, mashine imekufa."

Nikaiwasha. Ikawaka. Herufi zote za kibodi zinafanya kazi, betri inakaa na chaji. Maandalio ya somo yapo, maazimio ya kazi yapo, mitihani ya darasa la tano ipo. Nikamuuliza imekufa vipi, ndipo akanisimulia.

Kumbe kwa miezi kadhaa skrini ilikuwa inamletea ujumbe kwamba Windows 10 imefikia mwisho. Fundi akamwambia hiyo Windows imefungwa dunia nzima, na Windows 11 haikubali kwenye mashine yake. Kwa hiyo achague moja: anunue nyingine hapo hapo kwa laki sita na nusu, au apigiwe Windows 11 ya kukraki, yaani isiyo na leseni na inayolazimishwa ikubali, kwa elfu ishirini. Mama mdogo ni mwalimu wa shule ya msingi. Kati ya mshahara wake na laki sita na nusu kuna ada za watoto wawili.

Nimekuwa na hasira wiki nzima.

Nianze na lile ambalo fundi alilisema kwa haki. Ni kweli, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa bure masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Ni kweli pia kwamba Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na ThinkPad ya mama mdogo ni Core i5 ya kizazi cha 6. Upo mpango wa kuongezewa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, kwa anayejiandikisha, na hata huo hakuambiwa. Lakini masasisho kukoma hakuizimi mashine. Maana yake ni kwamba tundu jipya likigunduliwa, hakuna wa kuliziba. Mtumbwi ambao fundi wake amehama kijiji hausemwi umezama. Anatafutwa mwingine wa kuziba nyufa zake kwa pamba, na watu wanaendelea kuvua.

Huyo mwingine yupo, na fundi anamjua. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Anaitwa Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na mafundi wengi wa hapa mjini wanatembea nao kwenye flashi. Windows ya mteja ikigoma kuwaka, wanachomeka hiyo flashi, mashine inawaka, wanatoa mafaili yake yote salama. Kisha wanachomoa, wanapiga Windows ya kukraki, wanapokea hela. Wameona kwa macho yao mashine ile ile inavyokimbia vizuri, na bado wanamwambia mama wa watu kwamba imekufa.

Nataka tuizungumze hii Windows ya kukraki, kwa sababu tumeizoea kiasi kwamba hatuioni tena. Ili ikubali, fundi anaanza kwa kuzima ulinzi wa virusi. Anawasha kiprogramu kilichoandikwa na mtu asiyemjua, na anakipa ruhusa ya kufanya lolote ndani ya mashine. Mara nyingi anamalizia kwa kuzima masasisho, kwa hofu kwamba Windows ikisasishwa itagundua na kudai leseni. Sasa tazama alichokuwa anauziwa mama mdogo. Amekuja analalamika kwamba Windows yake haisasishwi tena, anapigiwa nyingine iliyozimwa masasisho kwa makusudi, ulinzi umezimwa, na ndani kuna kitu cha mgeni. Kwa elfu ishirini! Mashine hiyo ndiyo anayoandikia alama za watoto, ndiyo anayoingilia ESS, mfumo wa watumishi wa serikali, kuomba likizo, ndiyo inayotunza pasiwedi ya barua pepe yake. Kabla ya kwenda Makoroboi alikuwa salama zaidi kuliko ambavyo angetoka.

Na matunda yake nayaona kila siku kaunta. Mwenye stesheneri yeyote Mwanza anaijua shotikati. Mteja anachomeka flashi, kila folda imegeuka kijialama chenye mshale, akibofya hakifunguki, au kinafunguka huku kirusi kikirukia mashine yako. Mwaka jana binti mmoja wa chuo, anakaa Nyegezi, aliingia dukani usiku analia. Ripoti yake ya utafiti ilitakiwa asubuhi, na maduka mawili yalikuwa yamemwambia imefutika. Nilichomeka flashi kwenye mashine yangu, ambayo tangu 2022 inatumia Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, na ripoti ilikuwa pale. Haikuwa imefutika. Kirusi hicho huwa kinayapa mafaili ya kweli alama ya kufichwa ambayo Windows inaitii, kisha kinaweka shotikati mbele yake. Linux haijali alama hiyo, na kirusi chenyewe kimeandikwa kwa ajili ya Windows, hakina pa kushika. Nikahamishia mafaili yake kwenye flashi safi, nikamprintia, akaondoka. Sijasahau uso wake.

Watu husema Linux ni ya wataalamu. Mwaka 2007 kaka yangu aliagiza CD ya Ubuntu, aina nyingine ya Linux, kupitia intaneti kafe. Siku hizo walikuwa wanazituma bure popote duniani, posta wamelipa wao. Ilifika kwenye sanduku la shule yetu ikiwa na anwani yetu imechapwa vizuri, na sisi tulikuwa hatujawahi kutumiwa kitu na mtu wa nje. Tuliikalia kitako kama barua. Baadaye nikajua kwamba miaka mitatu kabla ya hapo, 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu msimbo wake, yale maandishi yanayoiunda programu, uko wazi kwa yeyote na hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. Zaidi ya miaka 20 imepita na bado tunaambiwa hivi vitu si vya kwetu.

Nikubali yanayobidi kukubaliwa. Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi, haipo kwenye Linux, na kadi za michango ya harusi za mji huu karibu zote zimetengenezwa kwa Publisher. LibreOffice Draw, programu ya bure ya kuchorea, inafungua baadhi, na nyingine inazivuruga. Mimi mwenyewe nimebakiza mashine moja ya Windows yenye leseni kwa kazi hiyo tu, ingawa Microsoft imeshatangaza kwamba Publisher nayo inafika mwisho Oktoba 2026. Kuna printa zinazosumbua. Mhasibu anayetumia Tally, programu ya hesabu ya Windows, abaki alipo.

Fonti ya Times New Roman nayo haiji na Linux. Ukifungua ripoti, inawekwa Liberation Serif, ambayo herufi zake zina upana ule ule, kwa hiyo kurasa kwa kawaida hazihami. Wasimamizi wa utafiti wanaopima kwa rula hawajawahi kunirudishia kazi.

Kwa mwalimu anayeandika maandalio, anayeprinti mitihani na kujaza taarifa kwenye mifumo ya serikali, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomhusu.

Mama mdogo alilala kwetu. Usiku ule niliiwasha laptopu yake kwa flashi yenye Linux Mint 22, bila kugusa diski, nikamwachia aizoee huku mimi nikimalizia chakula. Alifungua Firefox, akaingia ESS, akatazama picha za ubarikio wa mjukuu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Word iko wapi?" Nikamwonyesha Writer, programu ya kuandikia ya LibreOffice, nikamfundisha kuhifadhi kwa docx ili mwalimu mkuu afungue bila shida. Akaandika andalio zima la hisabati. Alipomaliza akaniambia, "Sasa weka." Nikanakili kwanza mafaili yake yote kwenye diski ya nje, nikamwonyesha yalivyo, ndipo nikasakinisha. Haikufika nusu saa. Toleo hilo lilitoka Julai 2024 na litasasishwa hadi 2029, na mashine ya kizazi cha 6 yenye RAM ya GB 8 inalibeba bila kuhema.

Kuna mafundi wanaosoma hapa, na baadhi yenu ni rafiki zangu. Siwaombi mfanye kazi bure. Mtozeni mteja hiyo hiyo elfu ishirini kwa kumwekea Linux, kwa kumhamishia mafaili, kwa kukaa naye saa moja akazoea. Ni kazi halali, ina jasho. Faili la kupakua ni karibu GB 3, unalipakua mara moja kwa bando la usiku na unaliweka kwenye mashine 100. Ila mwambieni mteja kwamba njia hiyo ipo. Akiikataa akataka Windows, ni yake, amechagua akiwa anajua.

Alipoondoka Jumapili nilimpa na ile flashi. Jana usiku akapiga simu kutoka Nansio. Walimu wenzake wawili wameshawasha laptopu zao kwayo na mmoja anataka kuwekewa kabisa. Ya mwalimu wa tatu inaomba pasiwedi kabla hata haijafika popote, na aliyemuuzia haipatikani namba yake. Nimemwambia wasiibonyeze bonyeze. Jumamosi nafunga duka, navuka.