Kinyago Kilichokataa Kuvuka Masikio

Mhamasishaji alinikodi mimi pamoja na spika zangu kwa kazi moja tu, ya kuwafikishia sauti yake wakulima wa korosho wa kijiji kimoja cha Newala, lakini tulipoipita Tandahimba aliniongezea kazi ya pili ambayo haikuwamo katika makubaliano. Alifungua kiroba akatoa kinyago cha Kimakonde, cha kuvaliwa kichwa kizima kama vile vya ndugu zao wa ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, ambacho alikuwa amekinunua kwa wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam. Nilitakiwa kupanda nacho jukwaani wakati yeye akieleza jinsi watu wanavyoishi kwa sura za kuazima, kisha atakapopaza sauti, "Kuwa wewe!", nikivue na kutabasamu. Malipo yalikuwa shilingi elfu ishirini. Mimi ni Mmwera wa Nachingwea, na kwa elfu ishirini huwa siulizi maswali mengi kuhusu sura.

Ni haki kusema kwamba hotuba ilianza vizuri. Fedha za mnada zilikuwa zimeingia benki, na viongozi wa chama cha msingi walitaka wanachama waonywe mapema wasije wakazimaliza kwa kushindana. Kusini nzima inasimuliwa habari za mkulima aliyemwogesha mbuzi wake kwa soda. Mbuzi mwenyewe sijapata kumwona, ila kila kijiji nilichopiga muziki kina hakika kwamba alikuwa wa kijiji cha jirani. Mhamasishaji alisema kwamba mtu anayenunua pikipiki kwa sababu jirani amenunua, ilhali mikorosho yake inaliwa na ugonjwa wa ubwiriunga kwa kukosa dawa ya salfa, amemwachia jirani maisha mawili na yeye amebaki bila hata moja. Akina mama walipiga vigelegele, nami nikaridhika kwamba siku hiyo nilikuwa nimeibeba sauti yenye maana.

Ndipo nikatokea na kinyago kichwani. Wanawake waliokaa mbele walinyanyuka wakakimbia, wengine wakicheka na wengine wakipiga yowe, wakiwavuta watoto kwa mikono, na wazee wakasimama wote kwa pamoja. Katika midimu, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, kwa mila za zamani, aliyemo ndani ya kinyago hatajwi mbele ya wanawake wala mbele ya wavulana ambao hawajapita jandoni, kwa kuwa anayecheza pale hahesabiwi kuwa mtu bali mzimu uliokuja kutembelea walio hai. Yule bwana alikuwa amesafiri kutoka Dar es Salaam hadi Umakondeni ili auvue mzimu hadharani, saa nne asubuhi.

Mimi sikuyaona hayo yote, kwa sababu nilikuwa nachungulia kupitia macho ya kinyago, na kumbe mchezaji huona kupitia mdomo. Nililitabasamia ghala. Niliposikia "Kuwa wewe!" nilivuta, kinyago kikapanda hadi masikioni kikakwama. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kwa spika zangu mwenyewe, "Vua sura ya bandia!", nami nikamjibu, "Kinagoma, bosi," maneno ambayo maikrofoni iliyafikisha kijiji kizima. Mzee mmoja aliichukua ile maikrofoni akasema kwa utulivu, "Mwanangu, usivue. Ukivua hapa, tutakuwa na kesi mbili." Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa mwaka 1984 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kilirudishwa nchini kutoka Geneva mwaka 2010, hiki changu hakikutaka kurudi hata hadi kwenye paji la uso.

Nilipakiwa kwenye bodaboda nikiwa nimekivaa, nikapelekwa mikoroshoni, mbali na watoto. Dereva alidai nauli kabla ya kuondoka, kwa hoja kwamba abiria asiyejulikana sura atakuja kumdai kwa nani. Huko mzee alinimiminia mafuta ya ufuta masikioni huku akinifariji. "Mjukuu wangu," alisema, "huyo mwenzako anadhani aliyevaa hiki anajificha. Kijana wetu akishavaa, ndipo anapomcheza mwenyekiti na tumbo lake, na karani na mizani yake, na wenyewe wapo wanatazama. Akivua, anawaamkia shikamoo." Kisha akavuta mara moja, na nikabaki na masikio yote mawili, jambo ambalo hadi leo nalihesabu kuwa ufundi.

Faini ilikuwa kuku watano. Mhamasishaji aliomba alipe kwa vitabu vyake, akaambiwa, "Asubuhi umetufundisha tusichukue kitu kwa sababu tu mwenzetu anacho. Kitabu unacho wewe. Sisi tunataka kuku." Ilimbidi awanunue kwa wanachama wale wale aliowaonya, ambao siku hiyo hawakuwa na haraka yoyote ya kuuza, wala hawakupunguza hata shilingi mia. Elfu ishirini yangu haikutoka. Alinieleza tukiwa njiani kurudi Mtwara kwamba makubaliano yalikuwa nivue jukwaani, nami nilivulia mikoroshoni.