Mwenye PhD asizuiwe na GPA ya digrii ya kwanza

Kila linapotoka tangazo la nafasi za wahadhiri nyumbani Tanzania, simu yangu hujaa. Shemeji ananitumia, rafiki niliyesoma naye ananitumia, hata mama mdogo wa Usa River, ambaye hajui hasa huku ninafanya kazi gani, naye analituma na neno moja: "Rudi." Ninalifungua kwa moyo mmoja, ninashuka hadi kwenye sifa za mwombaji, na hapo ninakwama. GPA, yaani wastani wa alama, ya shahada ya kwanza isiyopungua 3.8. GPA ya uzamili isiyopungua 4.0. Yangu ya digrii ya kwanza ni 3.6. Niliipata nikiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, na hakuna utafiti wowote nitakaoufanya hadi nizeeke utakaoipandisha hata kwa nukta moja.

Naishi Okinawa, kwenye visiwa vya kusini kabisa mwa Japani, nikiwa mtafiti wa mkataba katika chuo kikuu kinachojulikana kwa kifupi kama OIST. Hakina mwanafunzi hata mmoja wa digrii ya kwanza. Kinafundisha uzamivu tu, kwa Kiingereza, na hakina idara, kwa hiyo mtu wa fizikia na mtu wa matumbawe wanaweza kupangwa korido moja. Kilipata hadhi ya chuo kikuu Novemba 2011. Mwaka 2019, kwenye orodha ya Nature Index, inayopima taasisi kwa makala zake katika majarida makubwa ya sayansi, ile inayozingatia ukubwa wa taasisi, kilishika nafasi ya tisa duniani. Zaidi ya nusu ya maprofesa wake si Wajapani, na fedha zake karibu zote zinatoka serikali ya Japani. Chuo cha namna hii kinasimama kwa watu kinaowaajiri. Hakuna madarasa ya watu mia tano ya kukibeba. Ukimchukua profesa mmoja, umechagua maswali yatakayoulizwa ndani ya jengo lile kwa miaka mingi, na umewachagulia vijana ambao bado hawajafika atakayewalea.

Ndiyo maana wanaajiri kwa uangalifu mkubwa. Mwombaji anatuma wasifu wake, maelezo ya utafiti anaotaka kuufanya, maelezo ya namna anavyofundisha, na majina ya watu wa fani yake watakaomwandikia barua. Cheti cha kidato cha nne hakiulizwi. Wachache waliopita mchujo wanaletwa chuoni, na sehemu ya ziara hiyo ni mhadhara ambao yeyote anaruhusiwa kuingia. Nilihudhuria mmoja ambao siusahau. Msailiwa alikuwa dada mdogo kiumri kuliko nilivyotarajia. Alipomaliza, mwanafunzi wa PhD aliyekaa safu ya nyuma akauliza: "Kama dhana yako si sahihi, utajuaje, na utajua lini?" Yule dada hakukimbilia slaidi. Aliweka rimoti mezani, akafikiri, akaeleza jaribio moja ambalo angelifanya mwaka wa kwanza na ambalo lingeweza kuubomoa mpango wake wote. Ukumbi mzima ulimsikiliza. Kwa dakika zile chache nilimjua mtafiti yule kuliko ambavyo transkripti yake yoyote ingenieleza.

Baada ya hapo kuna kikao cha faragha na maprofesa, ambapo msailiwa anasimama mbele ya ubao mweupe bila slaidi na kuulizwa maswali ya ana kwa ana. Kuna pia chakula cha mchana na wanafunzi na watafiti wadogo, maprofesa wakiwa hawapo kabisa, na baadaye tunaulizwa: mngependa kufanya kazi chini ya mtu huyu? Mwenza wake naye anafikiriwa. Watoto watasoma wapi, nyumba ziko wapi, yeye mwenyewe atapata kazi gani. Nimeona mtu akiikataa nafasi nzuri kwa sababu tu mumewe hakuona la kufanya kisiwani.

Utaratibu huu una ubaya wake, na si mdogo. Unachukua miezi, wakati mwingine mwaka mzima. Nafasi moja inagombewa na mamia. Barua za wadhamini zina uzito mkubwa mno, na aliyelelewa kwenye maabara yenye jina anafunguliwa mlango ambao aliyesoma Dar es Salaam au Makerere anaugonga kwa muda mrefu. Wakati huo wote sisi watafiti wa mkataba tunangoja, mwaka mmoja, miwili, mkataba ukiongezwa na visa ikiongezwa, watoto wakihamishwa shule. Nina wenzangu wenye akili kubwa sana waliochoka wakaacha sayansi.

Na kwa hili naomba wasomaji wa nyumbani wanisikilize vizuri, kwa sababu tuna kitu ambacho huku hakipo: kubakizwa. Kijana anamaliza digrii ya kwanza, chuo kinamwajiri kama mkufunzi msaidizi, kinamlipa mshahara, kinampeleka kusoma uzamili na uzamivu, na kinamtunzia kiti chake. Nikiwaeleza Wazungu na Wajapani ninaofanya nao kazi, wanadhani natania. Kwao hakuna anayekuamini ukiwa na miaka ishirini na tatu kiasi cha kukupa ajira ya kudumu na kukungoja urudi. Sehemu kubwa ya wahadhiri walionifundisha walipatikana hivyo. Wengi walikwenda Sweden, Ujerumani, Uingereza, wakarudi kwa sababu kulikuwa na mahali pa kurudi. Utaratibu huu ulindwe kwa nguvu zote.

Kwa kijana wa kubakizwa, 3.8 inaeleweka kabisa. Hana makala aliyochapisha, hana mwanafunzi aliyemsimamia, hana kifaa alichobuni. Alama zake ndizo ushahidi pekee uliopo mezani, na kamati itazame nini kingine? Tatizo langu ni kuibeba kanuni ya kuchagua kijana wa mwaka wa nne na kuipeleka hadi kwa mtu mwenye uzamivu na miaka kumi ya utafiti. Mtu huyo ameshaacha ushahidi mwingine, na mwingi. Makala zake zinasomeka. Wanafunzi wake wanaweza kupigiwa simu. Anaweza kusimamishwa mbele ya ubao na kuulizwa. Kuyaacha hayo yote na kurudi kupima mitihani ya ujana wake ni kuinyima kamati macho yake.

Najua kwa nini tumeshikilia vyeti. Aprili 2017, uhakiki wa serikali ulitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Nchi iliyopita huko ina haki ya kudai vyeti halisi, na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kuhakiki digrii za nje ni kazi ya lazima. Cheti kihakikiwe, tena kwa ukali. Lakini uhakiki unatuambia kwamba cheti ni cha kweli, basi. Hauwezi kutuambia kama huyu mtu ataendesha maabara na kutoa wanafunzi wa PhD wanaosimama wenyewe.

Jambo hili linaigusa zaidi Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha. Ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka uleule wa 2011, na Rais Kikwete akaizindua rasmi Novemba 2012. Nayo ilianzishwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu. Kwa hiyo kila ninalolisema kuhusu uzito wa kumchagua profesa mmoja linaihusu. Na imeshaonyesha nini kinawezekana: Dk. Askwar Hilonga alisoma uzamivu wake Korea Kusini, akarudi kufundisha pale, akabuni kichujio cha maji cha teknolojia ya nano, na mwaka 2015 akashinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000. Mtanzania aliyesoma mbali, akapata kiti nyumbani, akashughulikia maji ambayo watu wa Arusha wanayajua kwa floridi inayoharibu meno ya watoto wao. Hao ndio watu ninaotaka mlango uwe wazi kwao.

Kumpata mtu ni mwanzo tu, na hapa ndipo tofauti ya huku na nyumbani inaponiuma zaidi. Profesa mpya hapa, hata awe wa ngazi ya chini kabisa, anapewa kitengo chake mwenyewe na bajeti ya miaka mitano: watafiti, fundi, vifaa, wanafunzi. Baada ya hapo wanaitwa wataalamu wa nje kumpima. Nyumbani rafiki yangu alirudi na PhD safi ya kemia. Alipewa meza kwenye chumba cha watu wanne, kozi nyingi za kufundisha, na mashine ambayo ilikuwa inasubiri kipuri. Akaandika maandiko ya kuomba ruzuku usiku na kusahihisha mitihani mchana. Hatuwezi kutoa bajeti ya Japani, wala simwombi mtu yeyote hivyo. Ila mradi wa elimu ya juu wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, umejenga na kusomesha watu wengi. Ingetengwa hata sehemu ndogo ya fedha za aina hiyo kwa kila mhadhiri mpya mwenye uzamivu, awe na kianzio cha kununua kemikali, kutengeneza mashine iliyolala na kumlipia mwanafunzi mmoja, tungeona matokeo ndani ya miaka michache.

Kuna na vikwazo vingine, nitavigusa tu. Matangazo mengi yanataka mwombaji asizidi miaka 45, umri ambao wanasayansi wengi ndiyo kwanza wanaiva. Na kwa kuwa hatuna uraia pacha, Mtanzania aliyechukua pasipoti ya huku anarudi kufundisha kwao akiwa si raia tena.

Mengine hayahitaji sheria mpya wala fedha za maana. Waliopita mchujo watoe mhadhara wa wazi, wanafunzi wa uzamivu waingie na waulizwe maoni yao kwa maandishi. Majalada yapelekwe kwa wataalamu wa fani husika walioko nje, wasiofahamiana na mwombaji. Tupo wengi, Ulaya, Marekani, Asia, na kusoma jalada hakuhitaji tiketi ya ndege. Kamati yoyote ya nyumbani ikinitumia maombi ya fani yangu nitayasoma yote, nitaandika maoni yangu kwa Kiswahili au Kiingereza wanavyotaka, na sitadai posho.