Uzee siyo sifa ya katuni

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp mtu kaposti orodha ndefu ya katuni za utotoni, juu kaandika hizi ndo klasiki zenyewe, watoto wa siku hizi hawana kitu. Watu makopakopa kibao. Mi nilikasirika kweli, maana nusu ya zile katuni zilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza, tuliziangalia kwa sababu ndo zilizokuwepo ile jioni na chaneli nyingine ilikuwa inaonyesha chenga.

Umri peke yake hautoshi kuifanya katuni iwe klasiki jamani. Chukua Tom and Jerry. William Hanna na Joseph Barbera walitengeneza katuni 114 pale studio ya MGM, kuanzia 1940 mpaka 1958, zikabeba Oscar 7. Halafu 1975 haohao wawili wakairudisha kwenye tivii, ila safari hii paka na panya ni marafiki, Jerry kafungwa tai nyekundu shingoni, hakuna kupigana kwa sababu tivii za Marekani zilikuwa zimebana vurugu kwenye vipindi vya watoto. Majina yaleyale, wenye kazi walewale, na umri nayo inao. Nani anaitafuta leo?

Sasa weka ile ya piano, The Cat Concerto ya 1947. Tom kavaa suti nyeusi, anainamia watu, anakaa, anaanza kupiga Hungarian Rhapsody namba 2, muziki wa piano wa Liszt. Angalia vidole vyake, hapapasi tu, vinakwenda na sauti unayoisikia, maana yake kuna mtu alikaa akavichora picha baada ya picha mpaka vikakubali. Jerry kalala ndani juu ya vinyundo vya piano, vinamrusharusha, anaamka na hasira, na kuanzia hapo ugomvi wote unafuata muziki: anambamizia mfuniko vidoleni, anaweka mtego wa panya katikati ya funguo, kidole kinanaswa, na Tom anaendelea kupiga hivyohivyo kwa sababu ukumbi mzima unamtazama. Mwisho Tom yuko hoi, makofi anachukua Jerry. Neno halijasemwa hata moja. Ndo maana sisi tusiojua Kiingereza wakati ule hatukupitwa na kitu.

Nilimuwekea mtoto wa dada yangu, yuko chekechea, hana kumbukumbu yoyote ya sebule yetu wala ya chogo la tivii yetu, na alicheka mpaka akakaa chini akasema anko rudisha. Hapo hakuna utoto wa mtu unaobeba katuni, ni kazi iliyofanywa ndo inajibeba.

Wanaosema lazima iwe na mafunzo, sikubaliani nao hata kidogo. Wanaosema kumbukumbu nazo zina uzito wake, haya, kidogo.

Ila kuna kitu kinaniuma na sitakiruka. Yule mama mweusi wa kazi za ndani kwenye baadhi ya Tom and Jerry za zamani, ambaye mara nyingi anaonekana miguu tu, kachorwa kwa dharau ileile Wamarekani waliyozoea kuwachorea weusi enzi hizo, na uzuri wa katuni haufuti hilo. Kampuni ya Warner, wanaozimiliki sasa, waliweka maelezo mwanzoni kwamba picha za namna hiyo zilikuwa makosa wakati ule na ni makosa leo. Mi nakubali zionyeshwe zilivyo bila kukatwa, na mtu mzima akae pale pembeni amweleze mtoto ni kwa nini yule mama hapewi hata sura.