Ungamo Langu Lilivuka Barabara

Tuanze na kijana wa mitambo, maana bila yeye haya yote yasingetokea. Ana tuktuk, ana spika nne nzito, na ana seti mbili za maiki zisizo na waya, alizonunua siku moja, duka moja, aina moja. Jumamosi ile ya Agosti hapa Kisumu alipata kazi mbili. Seti moja alitukodishia sisi wa tamasha la michezo mipya ya kuigiza, ndani ya ukumbi. Ya pili akaipeleka kwenye krusedi, yaani mkutano wa injili, iliyokuwa uwanjani, ng'ambo ya barabara. Akachukua diposti huku, akachukua diposti kule, akaenda zake Dunga kula samaki.

Sasa maiki hizi za bei nafuu huja na masafa ya redio yaliyowekwa kiwandani, yale yale kwa aina moja, hayabadilishwi. Kile kiboksi cha kupokea sauti hakijui anayeongea ni nani. Kinashika mawimbi yenye nguvu kuliko mengine kwenye masafa yake, basi. Maiki iliyo karibu ikiwaka, unasikia iliyo karibu. Ikizimwa, unasikia yeyote aliyebaki hewani. Haya niliyajua baadaye. Siku yenyewe nilijua kitu kimoja tu, kwamba betri ni ghali na dairekta alikuwa ameniamuru nizime maiki yangu kila nikiwa sina maneno.

Tamasha lilikuwa la kazi mpya tupu, zilizoandikwa na watu wa huku: Kisumu, Siaya, Vihiga, na bwana mmoja kutoka Busia aliyewasili na waigizaji wake wote, meza, viti na mbuzi ndani ya matatu moja. Waandishi wetu wengi ni walimu. Mwanzo wa mwaka kalamu zao ni za mashindano ya drama ya shule, ambayo fainali zake za kitaifa huwa Aprili. Agosti shule zikifungwa ndipo wanaandika wanachotaka wenyewe, yaani yale ambayo mwalimu mkuu hawezi kuketi ayatazame. Ukitaka ukumbi ujae kweli, igiza kitabu kinachotahiniwa kidato cha nne, mabasi ya shule yatapanga foleni. Mchezo mpya asiotahiniwa nao mtu hutazamwa na ndugu za waigizaji, tena wale waliokosa kisingizio.

Mwandishi wetu sisi ni mwalimu kutoka Maragoli. Hupenda kukumbusha watu kwamba Francis Imbuga, yule mwandishi wa tamthilia, alizaliwa huko huko kwao, na kwamba mchezo wa Imbuga uliiwakilisha Kenya kule Lagos mwaka 1977, kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa watu weusi. Humtaja hasa akikosolewa. Mchezo wa mwalimu wetu ulihusu chama cha akina mama cha kuweka akiba ambao, baada ya kuchoshwa na porojo zao wenyewe, walimteua mwanamume awe mweka hazina. Mwanamume huyo alikuwa mimi. Kwa kawaida nauza spea za bodaboda Kondele, na mambo ya jukwaani nayafanya kwa siri kidogo. Mama mkwe wangu ni mtu wa kanisa, hana muda na maigizo. Mke wangu alikuwa amemwambia kwamba Jumamosi hiyo niko semina.

Onyesho la kwanza: usiku, giza, naingia kwa kunyata, tochi mdomoni. Nainama chini ya kitanda navuta mkebe wa Kimbo wenye pesa za chama. Sina neno hata moja la kusema, kwa hiyo maiki nimezima. Ukumbi umetulia kiasi kwamba unasikia feni.

"WEWE MWANAMUME!"

Sauti ilitoka spika zote nne. Mkebe ukanitoka mikononi. Shilingi kumi moja ikabingirika hadi mstari wa mbele, mtoto fulani akaiokota na kuitia mfukoni. (Sijaiona tena.)

"UNADHANI HAKUNA ANAYEKUONA? LEO UMEONEKANA!"

Niliangalia pembeni ya jukwaa. Dairekta alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikaangalia nyuma kabisa, anakoketi mwalimu. Mwalimu alikuwa amesimama, mdomo wazi, anasikia maneno ambayo hakuyaandika.

"GEUKA UMWAMBIE JIRANI YAKO: JIRANI, RUDISHA!"

Na kwa kuwa hii ni Kenya, ukumbi mzima uligeuka, kila mtu akamwambia jirani yake arudishe. Makofi yakafuata ya kuvunja paa. Nikawasha maiki haraka niseme maneno yangu ya kwanza, sauti ile ikakatika papo hapo. Dairekta akanionyesha dole gumba. Tukajua tumepona.

Hatukujua kwamba sasa tulikuwa tunaenda upande wa pili.

Kipande kinachofuata nilisimuliwa na waliokuwa uwanjani, na wote wanasimulia sawa. Mhubiri alikuwa amefika mahali pa kuita watu mbele. Akawaomba wainamishe vichwa, wafumbe macho, kila mtu azungumze na moyo wake. Akazima maiki yake, akashuka anywe maji. Watu mamia kwa mamia wako kimya, kinanda kinalia taratibu. Kando ya jukwaa amesimama mkalimani wake wa Kidholuo, na yeye ana maiki yake ya waya.

Wakati huo huo ukumbini mimi nimepiga magoti mbele ya akina mama wa chama, jasho la kweli, maana joto la Kisumu halihitaji kuigizwa. Nikalia:

"Ni mimi! Pesa za chama nilikula mimi! Elfu themanini!"

Uwanjani, mkalimani alishtuka, akatazama jukwaa, hakuona mtu. Lakini kazi ni kazi. Akafunga macho na kulitafsiri ungamo langu kwa Kidholuo, neno kwa neno, tena kwa uchungu kunizidi.

"Nilimwambia mke wangu niko semina!" (Hili nililiongeza mwenyewe, lilinijia tu.)

Mkalimani akatafsiri.

"Kumbe nilikuwa Mumias! Nina mwanamke Mumias! Nimemnunulia friji!"

Wanasema alipofika kwenye friji mkalimani alitokwa na machozi. Umati ukalipuka kwa haleluya. Wanaume kadhaa walitembea mbele wenyewe bila kuitwa mara ya pili, na nasikia mmoja wao ni mweka hazina wa kundi fulani la bodaboda ambaye hadi dakika ile hakuwa akishukiwa na mtu. Mhubiri aliporudi na kukuta watu wamejaa mbele, hakuuliza maswali.

Ila kulikuwa na waelekezi wawili wa krusedi, wazee wenye ukanda mwekundu begani, masikio yao mazuri. Walitambua kwamba mtubuji yule analia sehemu mbili, kwenye spika zao na kwenye dirisha la ukumbi wa ng'ambo. Wakavuka barabara.

Nilichoona mimi ni mlango kufunguka, na wazee wawili wakipita katikati ya watazamaji moja kwa moja hadi jukwaani, wakaniwekea mikono kichwani na kuanza kuomba. Waigizaji wenzangu hawakushtuka hata kidogo. Mwalimu alikuwa na mtindo wa kubadilisha mswada kila asubuhi, wakajua hii ndiyo ya leo. Mwenyekiti wa chama, mama mmoja mnene anayejua kazi yake, akainua mkono akasema, "Amina!" Akaanzisha wimbo. Ukumbi ukasimama kuimba.

Ndipo nilipoinua macho nikamwona mama mkwe mlangoni.

Alikuwa na kitambaa chake cha kanisa na Biblia kwapani. Niliyemwoa ni Mjaluo, mimi ni Mbukusu, na pande zote mbili mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Mimi kwake sijawahi hata kuvua koti. Sasa ananikuta nimepiga magoti, shati limelowa, nimeshikwa kichwa, na Mumias yote imeshatajwa. Hakusema kitu. Alinitazama kwa muda wa ubeti mzima wa wimbo, akageuka akaondoka.

Majaji walifurahi kupindukia. Mmoja alisema hajawahi kuona mwandishi wa Nyanza au Magharibi aliyevunja ukuta kati ya jukwaa na watazamaji kwa ujasiri wa namna ile. Mwalimu aliinama kidogo, akashukuru, akamtaja Imbuga. Kijana wa mitambo naye alirudi jioni kudai salio. Dairekta alimfokea hadi sauti ikakauka, kijana akasubiri amalize, kisha akauliza kwa upole, "Lakini si mlisikika?" Alilipwa.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshapigiwa simu. Alijitahidi kumweleza mamake kwamba ni mchezo, kwamba hakuna semina, hakuna Mumias, kwamba maneno yameandikwa na mwalimu. Simu ilikuwa kwenye spika, nami nimejikausha kitini.

"Mchezo," mama mkwe akasema. "Na watu wameokoka?"

"Ndiyo, Mama."

Kimya. Kisha: "Muulize Baba Nekesa, hiyo friji ina milango mingapi?"

Mke wangu akanigeukia kana kwamba swali lilikuwa la maana.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni kwamba mke wangu mwenyewe ndiye mweka hazina wa chama chao mtaani, na wenzake nusu walikuwa krusedi. Jumatatu asubuhi walifika sita, wakaketi sebuleni kwetu, wakakataa chai, wakaomba daftari. Walihesabu pesa mara mbili. Zilikuwa kamili. Zilizidi hata, kwa shilingi mia mbili, na ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza.